Mpiga Picha wa Makole na Picha Aliyoiona Peke Yake

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi, Buigiri. Jua limeshachomoza lakini halijaanza ukorofi wake, na upepo wa Agosti bado haujaamka. Mbele ya nyumba ya Bibi Lea Mazengo limewekwa benchi moja na viti viwili, vyote vikitazama mashariki. Khairat Seleman, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye ushungi wa kijani na raba miguuni, anarudi nyuma akihesabu hatua kwa sauti. Anafika tisa, anapiga goti mavumbini, anatazama. Halafu anainuka tena na kwenda moja kwa moja kwa mtu aliyekaa mwisho wa benchi.

Mtu huyo ni Ebenezer, mtoto wa kwanza wa Bibi Lea, msukaji wa viti na vikapu ambaye haoni tangu utotoni. Khairat anamsogezea kamera. Ebenezer anaipapasa bila haraka: mwili wa chuma, mkanda wa ngozi, kisha kidole chake kinazunguka ukingo wa lenzi bila kugusa kioo.

"Iko wazi," anatamka, kwa sauti ya karani anayepitisha barua. "Haya dada, piga."

Dada zake watatu wanacheka. Mama yao, mwenye miaka sabini na tisa, anatabasamu kidogo tu.

Mgeni angedhani ni mzaha wa familia. Mzaha upo, lakini umekaa juu ya jambo zito. Picha hii ilipaswa kuwa imetundikwa ukutani tangu miaka miwili iliyopita, ikiwa na watoto watano wa Bibi Lea. Leo, Agosti 1996, wako wanne. Wa tano, Octavian, amelala chini ya msalaba wa saruji ambao ndugu zake walikusanyika jana kuusimika. Hakuna picha ya maana ya Octavian popote duniani, na sababu ni kosa la Khairat. Amekuja leo kuona kama bado kuna kitu anachoweza kuwarudishia watu hawa.

Khairat hakuzaliwa na kamera shingoni. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma. Mwaka 1993 jina lake lilitoka kwenye orodha ya wafanyakazi waliopunguzwa.

"Mkutano ulikuwa saa nne," anakumbuka. "Saa sita niko nyumbani Makole, nimebeba kikombe changu cha chai na kandambili za ofisini. Kiinua mgongo kilikuja baadaye, shilingi elfu tisini na sita. Ndiyo miaka yangu kumi na mitatu hiyo."

Ulikuwa wakati wa soko huria, na kila aliyepunguzwa alikuwa na mshauri. Fungua genge. Uza mitumba. Nunua cherehani. Khairat anasema mtaani kwao peke yake zilikuwepo cherehani kumi na moja, na kushonesha hakuna anayeshonesha, kwa kuwa wateja wote wamehamia kwenye mitumba ile ile. Yeye alikuwa na mabinti wawili wanaosoma na dada yake mkubwa, Stara, ambaye aliwatunza wote kwa maneno tu.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Ulimboka. Huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu ambaye Khairat alimchapia ripoti zake kwa miaka mingi. Alikuwa anauza vitu vyake arudi kwao Rungwe. Kitanda kilishaondoka, redio ilishaondoka. Kilichobaki mezani ni kamera ya Kirusi aliyoinunua Moscow mwaka 1968 alipokuwa masomoni, ndani ya mfuko wa ngozi uliopauka.

"Nilikwenda kununua meza," Khairat anasema na kucheka. "Akanipa chai, akaniambia, mama, hebu nishikie hiki wakati nakutafutia sukari. Alipokaa muda mrefu na sukari nikajua mzee ananifanyia makusudi. Lakini mkono ulishazoea ule uzito."

Mzee Ulimboka hakumwuzia kienyeji. Alifungua mgongo wa kamera, akaielekeza dirishani, akamwambia atazame pazia la kitambaa jeusi lililo ndani, lile linalofunguka na kufunga unapopiga. Kwenye pazia kulikuwa na tobo dogo la mwanga. "Muuzaji mwingine angelificha," Khairat anasema. Mzee alimwonyesha jinsi ya kuliziba: gundi ya kubandikia viraka vya baiskeli, ichanganywe na masizi ya chungu, ipakwe kwa ncha ya kijiti. Kiraka kile kiko mpaka leo. Kisha akamfundisha sheria moja kama mtu anayefundisha sala: vuta filamu kwanza, ndipo ubadili kasi ya pazia. Ukibadili kasi kabla ya kuvuta, umeiua.

Kamera hiyo haina betri. Juu ya lenzi ina dirisha dogo, na ndani ya dirisha, katikati, kuna doa la rangi ya chai hafifu. Unayempiga picha utamwona humo mara mbili, kama mtu na pacha wake wamesimama karibu karibu. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka wawili hao wanaingiana na kuwa mmoja. Wakishakuwa mmoja, mtu amepatikana. Unabonyeza, na sauti yake ni ndogo kuliko ya mtu anayefyonya.

Alilipa shilingi elfu thelathini. Stara alipoiona alikaa chini.

"Wenzio wananunua cherehani," alimwambia, "wewe umeninunulia mzee mwingine wa kumlea."

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi ilianza, na ilianzia mahali ambapo wapiga picha wanaume hawakuweza kufika. Kwenye harusi za Waislamu wa mjini, bibi harusi anapofunuliwa mbele ya wanawake, mwanaume hakanyagi. Khairat akawa anaingia na kamera yake isiyo na kelele wala taa, na wanawake wakamsahau kuwa yupo. Kutoka hapo akapata picha za vitambulisho Chamwino, kipaimara, mahafali, mazishi. Filamu anazisafisha mwenyewe bafuni kwake, dirisha limezibwa kwa blanketi, na mabinti wamekatazwa kuoga mpaka saa saba.

Mwezi mzuri, baada ya mavuno, humwingizia kama shilingi elfu thelathini na tano. Kati ya Januari na Machi, wakati maghala ni matupu na hakuna anayeoa, anaweza kumaliza mwezi na elfu tisa. Mjini sasa kumefunguliwa studio za picha za rangi zinazotoka siku hiyo hiyo, na vijana wenye kamera zinazojivuta zenyewe wanamwita Bibi Kirusi. Yeye anajikaza kisabuni. Anasema vijijini bado wanapenda picha nyeusi na nyeupe kwa sababu walizonazo za zamani hazijapauka.

Agosti 1994 ndipo Bibi Lea alipomwita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba watoto wake wote watano kukutana. Elieth alitoka Mwanza, Raheli na Violeth walitoka Morogoro, Octavian alitoka Tabora alikokuwa akifanya kazi reli, na Ebenezer hakuwa na pa kutoka kwa sababu hajawahi kuondoka Buigiri. Bibi Lea aliuza mbuzi mmoja ili picha zipigwe za kutosha.

Siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Khairat alikuwa ameshapiga picha kumi na nne za vitambulisho asubuhi Chamwino. Alipofika Buigiri, kuiepusha lenzi na vumbi, akaivisha kifuniko chake cheusi. Akakaribishwa uji, akanywa. Akawapanga watu. Akapiga picha ishirini na mbili: wote pamoja, mama na mabinti, mama na wavulana, mama peke yake.

Mwenye kutumia kamera za kisasa huenda asielewe lilivyowezekana. Katika kamera nyingi, jicho linapita kwenye lenzi yenyewe, lenzi ikizibwa unaona giza. Katika hii, jicho linapita dirishani, na dirisha halina habari na lenzi. Khairat aliwaona wote vizuri sana. Aliwaona wakiwa wawili wawili, akawaunganisha, akabonyeza. Kifuniko hakikutoka.

"Jumatatu nikasafisha," anasimulia, na mkono wake unaacha kufunga mfuko wa ngozi. "Filamu ikatoka majini. Kumi na nne za Chamwino zipo, nzuri kabisa. Kuanzia ya kumi na tano, hakuna. Nyeupe kama maji, naona vidole vyangu upande wa pili. Nikaihesabu mara tatu, kana kwamba kuhesabu kutaleta watu. Kisha nikakumbuka kule kufunika, na sikukumbuka kufunua. Nilikaa kwenye sakafu ya bafu nikalia."

Katika biashara ya picha kuna uongo mmoja ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeudai ushahidi. Mteja akija na picha hazipo, unamwambia, "Filamu imeungua." Mteja anasikitika, anamlaani mwenye duka la filamu, maisha yanaendelea. Rafiki zake wa kazi walimshauri hivyo. Stara pia alimshauri hivyo, na Stara ni mtu wa swala tano.

Khairat alipanda basi la Chamwino Jumamosi iliyofuata bila kuwa ameamua. Njiani alijaribu kuutamka ule uongo kimya kimya. Alipobisha hodi na Bibi Lea akamwitikia "Mbukwa, mwanangu," akijua kabisa mgeni si Mgogo lakini akimpokea kama wa nyumbani, ulimi ukagoma.

"Nikamwambia, mama, filamu haikuungua. Nilisahau kufungua."

Elieth alikuwepo siku hiyo, hajarudi Mwanza bado. Anasema yeye mwenyewe ndiye aliyeropoka kwamba kile kifuniko cheusi walikiona.

"Tulikiona wote!" Elieth anasema. "Tukadhani ndivyo kamera ilivyo. Nani angemwambia fundi kazi yake?"

Ebenezer alisubiri mpaka wote wamemaliza. "Basi macho kumi yalikuwa yanatazamana na kifuniko," alisema. "Niliyekuwa sina kosa hapa ni mimi."

Kicheko kilichofuata kilimwokoa Khairat siku ile. Walikubaliana watapiga upya Krismasi. Krismasi ikafika, Octavian akakosa likizo. Januari 1995 alishikwa na homa akiwa Tabora, siku ya nne akafariki. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Msibani watu wakatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Iliyokuwepo ni moja, ya kitambulisho cha kazi, ukubwa wa stempu, na muhuri wa ofisi umempitia usoni kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Khairat aliichukua akaikuza bafuni kwake kutwa nzima. Kila alivyoikuza, ndivyo muhuri ulivyokua.

Alikaa matanga na wanawake wa Buigiri, akachota maji, akapika. Hakuna aliyemsema. "Afadhali wangenisema," anasema. "Ningejitetea hata kidogo. Mtu anakupa sahani ya ugali na mlenda, anakwambia kula mwanangu, na wewe unajua umemnyima nini. Hicho chakula hakipiti."

Kwa miezi minne hakugusa kamera. Aliuza maandazi. Mabinti zake wanasema maandazi yalikuwa mabaya. Siku moja mlangoni Makole akasikia hodi, akamkuta Ebenezer na fimbo yake nyeupe, ameshuka basi na kuulizia njia mtaa kwa mtaa.

"Mama anauliza unakuja lini," Ebenezer alimwambia. "Sijatumwa kitu kingine."

Aliingia, akanywa chai, akala andazi moja na kukataa la pili, akaondoka. Kesho yake Khairat alinunua filamu.

Hiyo ndiyo sababu asubuhi hii, kabla ya kila picha, Ebenezer anapewa kamera aikague. Ni sharti alilojiwekea Khairat mwenyewe, na Ebenezer analitekeleza kwa ukali wa mkaguzi wa mahesabu. Nilimwuliza kwa nini yeye, asiyeona, anaijali picha kiasi hicho.

"Picha yangu si ya kuangaliwa na mimi," alinijibu. "Ni ya wajukuu wa dada zangu. Wajue mjomba wa wazazi wao alikuwepo, na alikaa wapi."

Wanapiga kumi na mbili. Khairat anavuta, anapima, anawaunganisha watu dirishani, anabonyeza. Kila pozi analipiga mara mbili: moja ya mteja, moja anaihifadhi yeye kwenye bati la biskuti lenye bahasha zilizoandikwa majina, bila malipo. Ya mwisho ni ya Bibi Lea peke yake. Bibi anakataa kukaa. Anasimama, amenyooka, kitenge kipya kimefungwa kifuani, na anamtazama Khairat badala ya kamera.

Baada ya hapo mabinti wanaanza kurudisha viti ndani. Bibi Lea anabaki.

"Khairat," anamwita. Ni mara ya kwanza leo kumwita kwa jina. "Siku ile, Octavian wewe ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Kumwona kwa kupita tu?"

"Hapana, mama. Yeye ndiye niliyempimia. Alikuwa amesimama nyuma yako, shati lake jeupe, ndilo lililoonekana vizuri dirishani. Nilimtazama kila picha mpaka wale wawili wakawa mmoja. Mara kumi na tisa nilimtazama."

Bibi Lea anakaa kwenye benchi. Dada watatu wamesimama mlangoni na viti mikononi. "Mimi nilikuwa nimempa mgongo," bibi anasema. "Ebenezer haoni. Hawa nao walikuwa wanatazama mbele, kama walivyoambiwa. Siku ile, tukiwa pamoja sote, aliyemtazama mwanangu ni wewe peke yako. Niambie."

Khairat anaweka kamera chini. Anapiga magoti mbele ya bibi. Kisha anaanza.

Alisimama mguu mmoja mbele, anasema, kama mtu aliye tayari kuondoka. Mkono wa kushoto aliuweka begani kwako, mama, lakini hakuulaza, aliugusisha tu, kama anaogopa kukuchosha. Shati lilikuwa limetoka kifungo cha tatu, akalifunga kwa pini. Kila nilipokuwa nataka kubonyeza, aliinama kumwekea Ebenezer kola sawa, ikabidi nisubiri. Mara ya tano nikamwashiria kwa mkono, kaka, kola imeshakaa. Akanijia, akaninong'oneza, "Huyu ndiye mkubwa wetu, hawezi kutoka ovyo." Na alikuwa anacheka kwa upande mmoja. Upande huu.

"Wa kulia," Bibi Lea anasema.

"Wa kulia, mama."

"Ile pini nilimpa mimi. Asubuhi ile." Bibi anajifuta uso kwa ncha ya kitenge na halii kwa sauti. Ebenezer anapeleka mkono kwenye kola ya koti lake, anaishika, anaiacha.

"Sikujua ni yeye," anasema. "Nilidhani ni Elieth."

Mimi pia nilikuwa nimeacha kuandika. Niseme tu ukweli, nililia, na sioni sababu ya kuwaficha wasomaji.

Bibi Lea ndiye aliyerudisha kazi mezani. Alitaka nakala sita badala ya tano. Watu wa hapa wana desturi ya kuandika ukumbusho nyuma ya picha, nani na nani, mwaka gani, na bibi anataka nyuma ya kila nakala Khairat aandike kwa mkono wake yale aliyoyasema, yote, pamoja na pini.

Nakala ya sita ni ya Bupe. Bupe ni binti wa Octavian, anaishi Tabora na mama yake, na alizaliwa miezi miwili baada ya baba yake kuzikwa. Sasa ana mwaka na nusu. Mama yake alituma barua kusema hawezi kuja, nauli hana.

Elieth alishauri nakala ipelekwe posta. Khairat alitikisa kichwa. Mwezi ujao kuna harusi mbili Dodoma mjini, na akizifanya zote mbili atapata nauli ya treni daraja la tatu, kwenda na kurudi. Atamwomba Stara amwangalizie mabinti, na Stara atalalamika, maana yake atakuwa amekubali.

"Nitakwenda mwenyewe," anasema, akikunja mkanda wa ngozi. "Najua mtoto bado mdogo, hataelewa kitu. Nitamweleza mama yake, na Bupe akianza kusoma nitapanda treni nimweleze tena. Wengine watamwambia baba yako alikuwa mtu mwema, alikuwa mchapakazi, kama watu wanavyosemwa wakishakufa. Mimi nataka kumwonyesha alivyosimama."

Na hapo hapo uani, raba zake zimejaa vumbi la Buigiri, akatanguliza mguu mmoja na kunyoosha mkono wa kushoto juu ya bega la mtu ambaye hayupo, akiugusisha tu, bila kuulaza.